Shawa ikizima breka, tazama waya kwanza

Kila baridi inapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna malalamiko mawili ambayo hutujia sana. La kwanza ni la tokeni: "Nimenunua juzi tu, mbona zimeisha?" La pili ni la fundi: mteja ametuma pesa kwa simu, kazi imefanywa, siku chache baadaye shida imerudi na fundi hashiki simu. Ukiyafuatilia yote mawili, mara nyingi utajikuta umesimama mbele ya mlango mmoja, wa bafu. Ndani mna shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo na ambayo wengi wetu tunaiita instanti.

Tokeni tutazimaliza haraka kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Shawa ya wati 5,500 ikiwaka dakika kumi inakula karibu uniti moja. Watu watano wakioga dakika kumi kila mmoja, hizo ni uniti nne na nusu hivi kwa siku, na kwa mwezi zinapita mia moja na thelathini. Hakuna anayekuibia. Ni maji ya moto.

Hilo la fundi ndilo zito, kwa sababu linaweza kuchoma nyumba au kumuua mtu. Hatutaki kukufanya fundi wa stima. Tunataka tu uweze kusoma kibandiko cha shawa, kupiga hesabu ndogo kwenye simu, na kujua ni waya gani unaotakiwa kabla hujaweka PIN kumlipa mtu yeyote.

Mfano wa Matisi

Tuchukue mfano. Si kisa cha mteja fulani, lakini ukiishi Kitale kuna uwezekano umekiona kwa jirani. Mama mmoja amepanga nyumba kwenye ploti kule Matisi. Mwenye nyumba alipojenga aliweka waya wa 2.5 kwenye bafu na breka ya ampea 20, na shawa ndogo ya wati 3,500. Miaka mitatu hakuna shida. Halafu Julai moja yenye baridi kali, watoto wanakataa kuoga asubuhi kwa sababu maji ni vuguvugu. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na tangi lililolala nje usiku kucha si mchezo. Mama ananunua shawa mpya ya wati 5,500. Fundi anaifunga kwenye waya ule ule.

Asubuhi ya kwanza, mtoto wa tatu akiwa na sabuni machoni, breka inakata. Inarudishwa, inakata tena. Fundi anaitwa. Anafungua sanduku la breka, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, breka yenu ni ndogo." Anatoa ile ya 20, anaweka ya 32. Anatumiwa pesa zake kwa simu hapo hapo mlangoni. Tangu siku hiyo breka haijakata tena, na kila mtu anamsifu fundi.

Hapo ndipo hatari ilipoanza. Breka ile ya 20 haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake, ambayo ni kuulinda waya ulio ukutani. Watu wengi hudhani breka inailinda shawa, au inamlinda anayeoga. La. Breka ya kawaida huwekwa ili umeme usizidi kile ambacho waya unaweza kubeba bila kupata joto la kupindukia. Fundi wa Matisi amemwondoa mlinzi kwa sababu alikuwa anapiga kelele, na mwizi bado yuko ndani.

Mpangilio ni huu, na ukilikumbuka jambo moja tu katika makala haya, liwe hili: ampea za shawa ziwe chini ya breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Shawa, breka, waya, kutoka ndogo kwenda kubwa. Shawa ndiyo huchagua breka, na breka ndiyo huchagua waya. Yule fundi alianza na shawa, akaenda kwa breka, halafu akaishia hapo.

Hesabu ya ampea, na mtego wa volti 220

Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Kuzipata, unagawanya wati kwa volti. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Kwa hiyo shawa ya wati 5,500 ungesema inavuta 5,500 gawanya kwa 240, yaani karibu ampea 23. Hivyo ndivyo mafundi wengi hupiga hesabu, na mara nyingi wanakosea.

Kosa liko kwenye kibandiko. Shawa nyingi zinazouzwa madukani Kitale na Bungoma ni za aina iliyotokea Brazil, na kwenye kibandiko zimeandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Zile wati 5,500 ni za volti 220, si za 240. Ndani ya shawa kuna koili ya chuma ambayo haijui imeuzwa nchi gani. Ukiipa volti nyingi zaidi, inavuta umeme zaidi. Shawa hiyo hiyo kwenye volti 240 inafikia karibu wati 6,500 na inavuta ampea 27, si 23.

Njia ya mkato ni hii. Gawanya wati kwa volti zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kama volti hizo ni 220, zidisha jibu kwa 1.09. Basi. Shawa ya wati 3,500 inakupa ampea 17 na ushee. Ya 5,500 inakupa 27. Ya 7,500 inakupa 37. Kama kibandiko kimeandikwa 240, usizidishe chochote. Ile ya 7,500 itavuta 31 tu. Ndiyo maana tunasisitiza usome kibandiko chenyewe. Namba kubwa ya rangi nyekundu iliyochapishwa kwenye boksi haitoshi.

Rudi sasa Matisi. Shawa ya zamani ilivuta ampea 17 kwenye breka ya 20. Sawa. Mpya inavuta 27. Breka ya 20 haikati sekunde ile ile kwa mzigo huo. Inavumilia dakika kadhaa huku ikipata joto, ndiyo maana mtoto wa kwanza na wa pili walioga vizuri. Breka ya 32 nayo haitakata kamwe kwa ampea 27, na hata kwa 35 inaweza kukaa zaidi ya saa nzima kabla ya kukata. Imetengenezwa hivyo.

Waya unabeba kiasi gani

Wahandisi na mafundi waliosomea Kenya wamezoea kutumia kanuni za Uingereza za kufunga nyaya, BS 7671, na ndani yake kuna majedwali ya uwezo wa kila waya. Kwa nyaya za shaba zenye ganda la kawaida la plastiki, zikiwa peke yake ndani ya konduti kwenye ukuta, namba ni hizi: waya wa 1.5 unabeba ampea 17.5, wa 2.5 unabeba 24, wa 4 unabeba 32, wa 6 unabeba 41, na wa 10 unabeba 57. Hizo 2.5 na 4 na 6 ni milimita mraba, yaani ukubwa wa shaba ukiukata waya na kuutazama kwa mbele.

Umeona sasa. Waya wa Matisi ni wa 24 na unabebeshwa 27. Je, utawaka leo? Hapana, na hilo ndilo linalodanganya watu. Ganda la plastiki limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za joto. Joto la waya hupanda kwa kasi kuliko ampea zenyewe: ukiongeza ampea mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ampea 27 kwenye waya wa 24 zinaweza kuusogeza waya kupita nyuzi 80 familia nzima ikioga mfululizo. Ganda linakakamaa kidogo kidogo, linapasuka kwenye kona, na siku moja nyaya mbili zinagusana juu ya dari ambako kuna mbao na vumbi kavu. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua minne. Kama mama huyo angenunua ile ya 7,500, waya wa 2.5 ungekuwa unabeba ampea 37, na hapo tusingezungumza habari ya miaka.

Kuna jambo jingine ambalo majedwali yanasema na ambalo kwenye ploti husahaulika. Namba zile ni za nyaya zikiwa peke yake kwenye konduti. Ukiweka laini mbili zinazofanya kazi pamoja kwenye konduti moja, uwezo unashuka hadi asilimia 80, kwa sababu kila moja inaipashia mwenzake joto. Zikiwa tatu unashuka hadi 70. Sasa piga hesabu ya waya wa 4, ambao mafundi wengi huupendekeza kwa shawa ya 5,500. Peke yake unabeba 32, unatosha breka ya 32 kwa kukwaruza. Ukipita konduti moja na laini ya koka, unashuka hadi 25.6, ambayo ni chini ya zile 27 za shawa. Waya wa 6 katika hali hiyo hiyo unabaki na karibu 33.

Kwa hiyo msimamo wetu, na fundi mwenye leseni akupimie kwako, ni huu. Shawa ya 3,500: waya wa 2.5 na breka ya 20 zinatosha, mradi laini ni yake peke yake. Shawa ya 5,500: waya wa 6 na breka ya 32. Wa 4 unaruhusiwa kwenye karatasi ikiwa uko peke yake na njia ni fupi, lakini hauachi nafasi ya kosa lolote, na baridi ijayo mtu atanunua shawa kubwa zaidi. Shawa ya 7,500 ya volti 220: breka ya 40, na waya wa 6 ukiwa peke yake kabisa, la sivyo wa 10.

Mtu atatuambia waya mnene ni ghali. Ni kweli. Waya wa 6 una shaba mara mbili na zaidi ya wa 2.5, na unalipia shaba. Tena hatutakudanganya kwamba utairudisha pesa hiyo kwenye tokeni. Umeme unaopotea kama joto kwenye waya mwembamba wa mita kumi na tano ni kama wati 160, na kwa muda wa kuoga hizo ni senti tu. Lakini wati 160 za joto zilizofichwa ndani ya ukuta na dari ni sawa na balbu mbili kubwa za zamani ukiziwasha na kuzifunika kwa blanketi.

Kanduyi, bafu liko mbali

Bungoma hali ni tofauti kidogo. Mji uko chini kuliko Kitale, karibu mita 1,400, na maji ya tangi hayana ule ukali. Mara nyingi shawa ya 3,500 au 4,400 inatosha kabisa, na anayenunua ya 7,500 kwa sababu jirani anayo anajitafutia gharama. Shida ya huku, hasa ukitoka mjini kuelekea Kanduyi, Chwele au Kimilili ambako watu wamejenga kwenye mashamba yao, ni umbali. Bafu liko nyuma ya nyumba, au kwenye nyumba ndogo ya wageni mita thelathini kutoka kwenye sanduku la breka.

Waya mrefu hupunguza volti njiani. Kanuni zinataka upungufu usizidi asilimia 5, yaani volti 12 kati ya 240. Ampea 27 kwa mita thelathini: waya wa 2.5 unapoteza volti 14 hadi 15, umeshafeli. Wa 4 unapoteza karibu 9. Wa 6 unapoteza 6. Kwa hiyo hata kama joto la waya halikutishi, umbali peke yake unaweza kukulazimisha kupanda saizi. Na waya ukipita nje au chini ya udongo, si waya wa kawaida wa ndani ya nyumba unaofukiwa tu hivi hivi. Mwambie fundi atumie kebo yenye ganda la chuma la kuilinda na jembe.

Kuna mtego mwingine wa vijijini. Ukiwa mwisho wa laini, jioni watu wote wakiwasha stima volti zinaweza kushuka hadi 200. Shawa yako ya 5,500 inatoa kama 4,500 tu, maji yanakuwa vuguvugu, nawe unafikiri shawa ni ndogo. Unanunua ya 7,500. Jioni inakuwa afadhali. Lakini saa kumi alfajiri, majirani wamelala na volti zimerudi 240, shawa hiyo inavuta ampea 37 kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya 27. Kabla ya kununua shawa kubwa, mwombe fundi apime volti jioni kwa mita yake. Kama ziko chini, ripoti kwa Kenya Power. Nambari yao ya dharura ni 97771. Kilicho upande wa nguzo hadi mita ni chao, kilicho baada ya mita ni chako.

Sehemu ndogo zinazoua

Waya mzuri peke yake hautoshi, na hapa tutakuwa wakali.

Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano ambao mafundi huuita ethi, lazima ufike kwenye shawa na lazima upande wa pili uwe umeungwa kwenye ncha ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Katika shawa nyingi hizi, koili ya umeme imo ndani ya maji yenyewe, uchi, bila kifuniko. Maji yanayokumwagikia yamepita juu ya chuma chenye umeme. Waya wa ardhi ndio unaouvuta umeme uliovuja kabla haujakufikia. Tumesikia mafundi wakisema, "Huo hauna kazi, shawa inawaka tu bila." Ni kweli inawaka tu. Na gari linatembea tu bila breki. Mbaya zaidi ni yule anayeuunganisha waya wa ardhi na waya wa nyutro pale pale kwenye shawa ili kupunguza kazi. Nyutro ikikatika mahali popote, maji yote yanakuwa na umeme. Saizi ya waya wa ardhi iwe sawa na ya nyaya nyingine mbili.

Ukihisi kudungwadungwa unapogusa mfereji au maji, usiseme "ni kidogo tu." Toka, zima swichi kuu, na asioge mtu mpaka fundi aje.

Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na hula koili haraka. Kama unatumia maji ya kisima kirefu, uliza dukani shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Zipo.

Kisha kuna kile kifaa kinachoitwa RCD. Hiki ndicho kinachomlinda mtu, tofauti na breka. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na vikitofautiana kwa elfu thelathini za sehemu ya milioni ya ampea, yaani miliampea 30, kinakata mara moja. Tofauti hiyo ndiyo umeme unaopita mahali pasipostahili, pengine mwilini mwako. Kwa bafu, kanuni zinakitaka. Kina kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T. Kibonyeze mara kwa mara, na kisipokata, kibadilishwe.

Swichi ya shawa iwe ile kubwa inayokata nyaya zote mbili, ya ampea 45, na ikae nje ya bafu. Swichi ya taa haiwezi. Soketi haiwezi kabisa. Laini ya shawa itoke kwenye sanduku la breka moja kwa moja, isichepuke kutoka kwenye soketi za sebuleni, na shawa mbili zisishiriki laini moja.

Kiungo cha juu, pale nyaya fupi za shawa zinapokutana na waya wa nyumba, ndipo moshi huanzia mara nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Konekta nyeupe ya plastiki laini ya kuungia taa inayeyuka pale. Kuna za kauri, nzito kidogo, zinazobeba ampea 30 na zaidi. Skrubu zikazwe barabara, na baada ya mwezi mmoja fundi arudi azikaze tena, maana shaba hulegea ikipashwa na kupoa. Ukiona plastiki imegeuka kahawia au unasikia harufu kama ya samaki aliyeoza ukioga, ni pale.

Dukani na kwenye simu

Sasa tufike kwenye pesa zako, ambazo ndizo kazi yetu.

Usimtumie fundi pesa za vifaa akajinunulie. Si kwamba mafundi ni wezi; wengi ni waaminifu kuliko sisi tunaowalalamikia. Lakini tofauti ya bei kati ya waya wa 4 na wa 6 ni kishawishi kikubwa, na ukishafichwa ukutani huwezi kujua. Nenda naye dukani, au mwambie akupigie akiwa kaunta, kisha ulipe wewe mwenyewe kwenye nambari ya tili ya duka. Jina linapotokea kwenye simu, lisome kabla ya PIN. Ukiambiwa "tili ina shida, tuma kwa hii nambari yangu," simama kwanza. Pesa zikienda kwa mtu binafsi, unabaki bila risiti ya duka ukitaka kurudisha waya.

Dai risiti iliyoandika saizi ya waya na urefu, si "waya wa stima" tu. Ipige picha, uihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo. Ujumbe wetu una tarehe, saa, kiasi na jina la duka. Ukiunganishwa na risiti yenye saizi, una ushahidi wa kile ulichonunua.

Waya bandia upo. Ule wa shaba halisi ukiukwangua kwa kisu unabaki mwekundu ndani. Ukiona weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haubebi namba tulizotaja. Njia nyingine, ambayo tunaipenda kwa sababu haihitaji utaalamu, ni mizani. Kila milimita mraba moja kwa mita mia ina karibu gramu 900 za shaba. Kwa hiyo roli ya mita mia ya waya wa 6 lazima izidi kilo 5.4, na ya wa 4 izidi kilo 3.6, kabla hata hujahesabu plastiki. Kama roli ni ya mita 90, toa sehemu moja ya kumi. Roli ikiwa nyepesi kuliko hapo, ama ni fupi, ama ni nyembamba, ama si shaba. Waya mzuri pia una maandishi juu ya ganda lake: jina la kiwanda, saizi na volti. Alama ya KEBS kwenye bidhaa inaweza kuhakikiwa kwa SMS kwenda 20023.

Kuhusu fundi mwenyewe: kwa Sheria ya Nishati ya 2019, kazi ya kufunga umeme nyumbani hufanywa na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni, tazama jina na tarehe ya kwisha, na linganisha na jina linalotokea kwenye simu unapomlipa. Malipo yagawanye. Lipa sehemu akianza, sehemu akimaliza, na kiasi kidogo baki nacho mpaka arudi kukaza zile skrubu baada ya mwezi. Mkubaliane hivyo kabla hajapanda ngazi, si baada.

Kama wewe ni mpangaji

Mama wa Matisi hawezi kupasua ukuta wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba huenda akasema atashughulikia "mwezi ujao." Kwanza arudishe breka ya 20 leo. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye leseni. Baada ya hapo, shawa ya 5,500 haitatumika kwenye laini ile, kwa hiyo arudishe ile ndogo ya 3,500 kama bado anayo.

Na watoto wanaokataa maji vuguvugu? Shawa ndogo kwenye volti 240 inatoa kama wati 4,100. Mfereji ukifunguliwa wote, maji mengi yanapita haraka na hayapati muda wa kupata moto. Akiukaza mpaka zitoke lita mbili na nusu kwa dakika, joto linapanda nyuzi 24. Maji ya tangi yakiwa nyuzi 15 alfajiri, yanamfikia mtoto yakiwa 39, ambayo ni joto zuri la kuoga. Kupima, aweke jagi la lita moja chini ya shawa: lijae kwa sekunde 24.